Seti ya kwanza ya roboti: fikiria wiki ya tatu

Walimu na wazazi wanaoanza kuwafundisha watoto roboti huniuliza seti ipi inafanya mambo mengi zaidi. Nami huwauliza: roboti ikishafanya yote yaliyochorwa kwenye boksi, mtoto atabaki na kazi gani?

Seti ya kwanza niliyonunua ilikuwa na mikono, macho ya kuwaka na sauti, lakini mwili wake ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Siku ya kwanza watoto walipiga kelele za furaha. Siku ya nne ilikuwa juu ya kabati, nzima kabisa. Walikuwa wameshaimaliza. Tangu hapo natafuta roboti ambayo mtoto anaweza kuifungua, kuikosea, kisha kuiunda upya ikawa kitu kingine.

Umri ulioandikwa kwenye boksi uheshimu kwa ajili ya usalama. Betri zile ndogo za duara kama kitufe, mtoto akizimeza, zinaweza kumuunguza umio ndani ya saa 2. Kwa mtoto mdogo hakikisha mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu. Kuhusu uwezo, mtazame mtoto mwenyewe: anasoma? Anaweza kutumia bisibisi?

Wa miaka minne hadi sita hawahitaji skrini. Roboti ya sakafuni kama Bee-Bot, yenye vitufe mgongoni, inawatosha. Kila hatua inasogea sentimita 15, na ikigeuka inageuka nyuzi 90. Chora miraba sakafuni, kisha waangalie wanavyohangaika na kushoto na kulia pale roboti inapowaelekea wao. Utamwona mmoja anainuka, anasimama nyuma yake na kutazama inakotazama. Hilo ni somo zito kuliko linavyoonekana. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni mwaka 1967 Logo, lugha ya kuandikia kompyuta amri ambayo mtoto huitumia kumwongoza kasa wa kuchora, alitaka mtoto atumie mwili wake mwenyewe kufikiria mwendo wa kasa huyo.

Kuanzia miaka minane hivi, usikimbilie magurudumu. Mwache kwanza acheze na Scratch, programu ya kupanga amri kama matofali iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, na menyu yake ina Kiswahili. Ikimkolea, micro:bit ni hatua nzuri ya pili: bodi ndogo ya kielektroniki yenye taa 25, vitufe viwili vya kuagiza, kihisi cha mwendo na dira. Kwenye tovuti ya MakeCode anaweza kujaribu mfano wake wa kwenye skrini hata kabla hujainunua. Wapo watoto wanaogundua hapo kwamba wanachopenda ni taa na sauti, wala si magari. Bora ujue mapema.

Programu ya kuendeshea roboti ni jambo wanunuzi wengi hulisahau. Kuna seti zisizofanya kazi bila programu moja ya simu, na mtengenezaji akiiacha, roboti inabaki pambo. Hata zenye jina kubwa hufikia mwisho: LEGO ilianza Mindstorms mwaka 1998 na kusitisha mauzo yake mwishoni mwa 2022. Uliza kama inakubali kifaa ulichonacho, na kama inafanya kazi bila intaneti. Bodi za jamii ya Arduino, zile za kuunganishia mota na vihisi kwa nyaya, zina nafuu hapa, kwa kuwa zinaandikiwa amri kwa programu zaidi ya moja.

Sasa betri, na hapa naomba utulie. Sehemu kubwa ya roboti nilizoletewa kwamba zimeharibika zilikuwa na shida ya umeme tu. Betri nne za kawaida za volti 1.5 zinatoa volti 6, lakini nne za kuchaji, za volti 1.2, zinatoa 4.8, na baadhi ya roboti huanza kujikokota. Ile ya mraba ya volti 9 ni mtego zaidi. Volti inazo, ila haiwezi kusukuma mkondo mkubwa. Mota zikianza kuzunguka, umeme unashuka, bodi inajizima na kuwaka upya, nayo roboti inashtukashtuka pale pale. Niliwahi kukaa saa nzima na binti mmoja tukipekua amri zake, akiwa karibu kulia, na amri zote zilikuwa sahihi. Nilibadilisha betri, gari likaondoka. Nilimwomba radhi.

Kwa sababu hiyo hiyo, seti ya kuunganisha nyaya lazima iwe na kipande cha kuendeshea mota. Mguu mmoja wa Arduino Uno, yaani tundu moja la kuunganishia waya, umekusudiwa milliampia 20 tu, na mota inataka nyingi zaidi ya hizo.

Watoto wawili kwa seti moja wanatosha. Wa tatu huishia kutazama. Hakikisha pia nyaya na skrubu za akiba zinapatikana.

Siku ya kwanza usiwape maelekezo ya kitabu. Bandika utepe sakafuni, mita moja, waambie roboti ifike mwisho bila kuuacha. Itapinda, maana mota mbili za bei nafuu hazizunguki sawasawa. Wewe kaa kimya, wao wapige magoti watafute ni gurudumu lipi linalochelewa.