Kama mistari ni ya mama yako mkubwa, usimwite "msukumo"

Mkuu, simamisha huo mswada. Usiupeleke kwa mchapishaji wiki hii, wala usitie saini prufu yoyote, zile kurasa za majaribio.

Najua umeuliza mengi hapa jukwaani. Utangulizi wa diwani yako ya kwanza, kitabu chako cha mashairi, uwe na kurasa ngapi, uanze na wazazi au walimu, ni lazima umtaje kila aliyewahi kukusahihishia shairi au la, picha yako ikae wapi. Waliotangulia wamekujibu kwa adabu zao. Mimi nimeganda kwenye sentensi moja uliyoipitisha kana kwamba haina uzito: kwamba vibwagizo, ile mistari inayorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, vya mashairi kadhaa "umevirithi" kwa mama yako mkubwa aliyekulea, umeviweka sawa kimizani, yaani kwa hesabu ya silabi, na utamshukuru kwenye utangulizi kama chanzo cha msukumo wako. Na kwamba mlezi wako wa ushairi amesema hiyo inatosha.

Haitoshi. Aliyekununulia daftari ni wa kushukuriwa. Aliyekukalisha chini akakusikiliza ukighani ovyo bila kukucheka ni wa kushukuriwa sana. Lakini aliyekupa mstari ni mtunzi, na jina la mtunzi hukaa ukurasa uleule ulipo mstari wake, siyo kule mbele kwenye shukrani ambako wasomaji wanaruka.

Nina uchungu kwa sababu huo utangulizi unaotaka kuuandika mimi nilishauandika. Karibu neno kwa neno.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyimbo zake za bembelezi. Nimelala kwa hizo, wadogo zangu wamelala kwa hizo. Nilipoanza kutunga zikawa zinakuja zenyewe mwishoni mwa ubeti, bila jasho, nami nikadhani ndicho hicho kipaji kinachosemwa.

Nilikuwa na mlezi pia. Simtaji, yu hai, ana wafuasi, na ana mdomo. Ni malenga wa kweli, hilo simnyimi. Alinifundisha ukwapi na utao, nusu ya kwanza na ya pili ya mstari, wakati nikihesabu mizani kwa vidole na bado nakosea. Nilimwambia mapema kabisa kwamba kibwagizo cha shairi fulani si changu, ni cha bibi. Akacheka. Akasema fasihi simulizi ni mali ya jamii, haina mwenyewe, na kwamba kazi ya mshairi ni kuokota kilichotupwa njiani na kukisafisha. Kukisafisha! Neno hilo nilitembea nalo kifua mbele, nikawa nawaambia na wengine.

Basi tukasafisha. Bibi alikuwa akiimba hivi:

Lala mwanangu, lala basi, usiku nao una wake.

Hesabu mwenyewe, silabi tisa kwa tisa kila nusu. Mlezi akasema inazidi, shairi lote ni nane kwa nane, huwezi kuacha kibwagizo kinaning'inia. Tukakata:

Lala mwana, lala basi, na usiku una wake.

Nane kwa nane, imenyooka. Dibaji akaiandika yeye mwenyewe, na katika shairi lile hakusifu beti zangu hata moja. Alisifu kibwagizo. Alikiita sauti mpya katika ushairi wetu. Sauti mpya iliyonizidi umri.

Kwenye utangulizi nikaandika kwamba bibi yangu, "mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika", ndiye chemchemi ya msukumo wangu. Mhariri alipapenda sana hapo. Akaniomba niongeze machozi kidogo. Nikaongeza. Ukiniuliza leo nani alinipotosha nitakutajia mlezi kwanza, mhariri pili, na mimi nitajiweka mwisho ili foleni ipungue kabla hamjanifikia.

Kitabu kikatoka. Shangazi yangu hakuweza kuja kwenye uzinduzi, magoti yanamsumbua, kwa hiyo nikampelekea nakala mwenyewe. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsomea shairi hilohilo nikijua litamgusa. Nilipomaliza ubeti wa mwisho nikafunga kitabu, nikasubiri pongezi. Yeye akaendelea. Shairi langu limeisha, shangazi anaendelea, beti ambazo sijawahi kuzisikia maishani, na katika mmojawapo mna jina la mtoto. Kumbe baba alikuwa na kaka aliyekufa mchanga. Hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza nyimbo zile zilitoka wapi. Bibi aliutunga wimbo ule baada ya msiba. Sisi wajukuu tulipewa beti za kulalia. Zile nyingine zilibaki kwake na kwa binti yake.

Kisha akaniuliza, "Na 'mwanangu' umempeleka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mizani. Silabi nane, silabi tisa, inkisari ya kufupisha neno ili mizani itimie, kila nilichofundishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ambayo sasa naiona ilikuwa adhabu. Akasema, "Kwa hiyo mtoto hakutosha kwenye mstari."

Wakuu, mimi wahakiki wamenisema. Mmoja aliandika kwamba vina vyangu vinachechemea, na usiku ule nilikula vizuri tu. Hii ya shangazi mpaka leo sijaitafutia jibu.

Na haikuishia hapo. Kuhusu kutojua kusoma, akaingia ndani akatoka na daftari. Bibi aliandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyoandikwa kwa karne kadhaa kabla ya herufi hizi tunazogombania hapa jukwaani. Tungo zake zimo mle, na nyingi zina jina lake katika ubeti wa mwisho. Mimi nilifundishwa hati moja tu shuleni, nikaona asiyeandika kama mimi haandiki kabisa. Nimechapisha, ndani ya kitabu chenye picha yangu, kwamba mwanamke mwenye diwani nzima sandukuni hajui kusoma. Na machozi nimeongeza.

Sasa gharama. Sehemu kubwa ya uchapaji ilikuwa fedha yangu. Nilipomwambia mchapishaji tubadilishe kurasa akanijibu vitabu vimeshajalidiwa, labda tuchomeke kikaratasi cha masahihisho. Tukachomeka. Vikaratasi vinadondoka, sijui ni wasomaji wangapi waliviona. Niliondoa diwani kwenye shindano nililokuwa nimeiwasilisha, kwa sababu fomu ilinitaka nithibitishe kwamba kazi yote ni yangu na safari hii nilishindwa kusaini. Mlezi nilimwomba abadili dibaji kwa ajili ya toleo la pili. Alikataa. Alisema nakuza mambo ya ukoo. Yeye aliyenihimiza nitunge kuhusu ukoo!

Fedha ilienda, sawa, fedha huenda. Kinachonisumbua ni kwamba mstari ule ulikuwa umeshasambaa. Watu wanaubandika mitandaoni, nane kwa nane, na jina langu chini. Nikiandika kwamba ni wa bibi, wananiona najinyenyekeza. Mmoja alinijibu, "Ndivyo walivyo washairi wakubwa." Mshairi mkubwa! Shairi langu linalojulikana kuliko yote sehemu yake nzuri siyo yangu, na sehemu yangu ndiyo niliyoiharibu.

Hebu turudi kwenye hili la "mali ya jamii", kwa sababu naona na wewe umeuziwa. Methali isiyojulikana nani aliisema kwanza ni ya wote, sikatai. Kitendawili vilevile. Lakini wimbo ambao mtunzi wake unamjua, unamwita mama mkubwa, na jana mlisalimiana, huo umekuwaje wa jamii? Jamii ipi, yenye watu wangapi, na mbona jamii hiyo inapochapisha kitabu jina la jaladani linakuwa moja?

Tena wanaosema hivyo wanajifanya ndio walinzi wa mapokeo, na mapokeo yenyewe yanawakana. Washairi wa kale walitia sahihi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, alifunga ndani ya beti zenyewe jina lake, kisiwa cha Pate alikozaliwa, na mwaka kwa Hijria, 1275. Hakumwachia mtu wa dibaji. Wale wanaofunga shairi na "kaditama", yaani nimefika mwisho, hadi leo hujitaja humohumo, jina na mahali, ili shairi hata likisafiri bila kitabu lifike na mwenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, tungo zake nyingi zikakaa vichwani mwa watu kwa miongo kabla ya kukusanywa, na bado zimetufikia kama tungo za Muyaka. Waliozighani walisema ni za nani. Ni mdomo huohuo mnaosema hautunzi jina la mwenyewe.

Na kama heshima haikutishi, sheria ipo. Mimi si wakili, nilisoma baada ya kuumia. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania na Kenya zote zimo, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake ikikatwakatwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizo hazingoji usajili. Na ulinzi wa kazi hauzikwi na mwenyewe: kima cha chini cha kawaida ni miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kwa hiyo hiyo "nimerithi" yako, mwenye mali akiwa hai na ana meno yote, ni ya kupimwa upya.

Fanya hivi. Chukua mswada na penseli, upitie mstari kwa mstari, na kila uliousikia kwa mtu kabla hujauandika uwekee alama. Usijidanganye na ile mistari uliyogeuza neno moja. Hiyo ndiyo mibaya kuliko yote. Halafu nenda kwa mama mkubwa na mswada wote, siyo shairi lile unalojivunia tu. Msomee kwa sauti. Usimuulize kama amelipenda, atakwambia amelipenda, ni mama yako. Muulize nani alilitunga, lini, na kama kuna beti nyingine. Kisha nyamaza. Mimi nilikuwa na miaka yote ya bibi ya kuuliza swali hilo.

Akikubali litoke, liandike kama anavyolisema yeye. Likizidi silabi, lizidi. Msomaji mwenye sikio ataelewa, asiye na sikio hata mizani zilizotimia hazitamsaidia. Chini ya kichwa cha shairi andika: kibwagizo cha fulani binti fulani. Jina kamili, siyo "mama mkubwa wangu". Kama ni zaidi ya vibwagizo, kama beti nzima ni zake, basi zungumza na mchapishaji kuhusu jina la pili jaladani na mgawo wa mrabaha, yaani fungu la mtunzi katika mauzo, mkataba uandikwe sasa mkiwa mnacheka. Usiniambie mrabaha wa diwani hautoshi hata kugawana. Najua hautoshi. Mwambie hivyo yeye, aamue yeye.

Na akikataa? Toa shairi. Utatunga jingine, si ndiyo kazi uliyosema unaiweza?

Mlezi wako mheshimu, mshukuru kwa kila alichokufundisha, ila kwenye jambo hili usimfuate. Akiandika dibaji, isome kabla haijapangwa. Ukiona amesifu mstari usio wako, mrudishie aurekebishe hata kama atanuna. Wangu amenuna na jua linachomoza kama kawaida.

Naona kuna swali lako la mizani au ushairi huru usiohesabu silabi, ambalo limeamsha wazee humu ndani. Vita hiyo ilipamba moto tangu miaka ya 1970, itakusubiri. Kuhusu kuanza na wazazi au walimu, anza na yeyote. Kurasa, moja inatosha. Walimu wote kuwataja, sina hakika; ukimsahau mmoja ndiye atakayekuja kwenye uzinduzi.

Picha sijui. Yangu nimefumba macho na ilipita kwa wahariri wote.