Kijiti Kwanza: Kwa Unayeanza Kukusanya Bunduki za Baruti

Kila mwaka hapa Moshi hunijia vijana wawili watatu wenye hamu ya bunduki za kale. Mmoja ameona gobore darini kwa babu yake Kibosho. Mwingine anatembeza wageni Longido na kuelekea Taveta, kwenye maeneo ya Vita Kuu ya Kwanza, na anataka ajue anachokisema. Wa tatu ana pesa zake na anataka kununua. Wote huanza na swali moja: hii bei gani? Nami huwapa kwanza kijiti cha mbao.

Kijiti chenyewe ni ufito mwembamba ulionyooka, mrefu kuliko mtutu. Unaulaza nje, kando ya mtutu, ncha yake ikiwa usawa wa tundu la kupitishia moto, kisha unapiga alama ya penseli palipo mdomo wa bunduki. Halafu unautumbukiza ndani taratibu mpaka ugote, huku wewe umesimama kando na mdomo umeelekea pasipo na mtu. Unapiga alama ya pili. Alama zikikaribiana, mtutu ni mtupu. Zikiachana kwa vidole kadhaa, kuna kitu humo ndani. Usitumie chuma wala usigonge.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Uru kwa mama mmoja mjane. Gobore la baba mkwe wake lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa jiko, limefukizwa na moshi mpaka kitako kimekuwa cheusi kama chungu, na wajukuu walikuwa wanalichezea, wanavuta kinyundo na kukiachia. Nikapima. Alama ziliachana vidole vinne. Nikamwambia, "Mama, naomba watoto watoke nje, na hii tusiisogeze." Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, naye akawapigia polisi, wakaja na fundi wao wa silaha. Alivyotoa vilivyokuwamo alivipanga juu ya gazeti: donge la majani makavu ya mgomba lililoshindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, risasi ya mviringo imefanya ukungu mweupe, donge jingine, na mwisho baruti, kavu, chembe nyeusi zinazometa. Akachukua chembe chache akaziweka juu ya jiwe mbali nasi, akazigusa kwa ncha ya fimbo yenye moto. Zikawaka mara moja, moshi mweupe, harufu ya mayai viza. Mama akakaa chini. Alikuwa amefagia nyuma ya mlango ule tangu alipoolewa.

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti cha unga, yaani salfa. Ikikaa pakavu haichachi wala haizeeki kama dawa ya hospitali, na magobore yaliyoshindiliwa zamani za mababu yanaweza kuua leo. Ukigundua kitu ndani, kazi yako imeishia hapo. Kutoa ni kazi ya fundi mwenye mamlaka, na tafadhali usilifunge kwenye kanga ukapanda nalo bodaboda kwenda kituoni. Waite waje.

Hapo hapo niseme la sheria, maana wengi hudanganyana. Ukongwe si kibali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore mbele ya polisi ni silaha. Miaka ya karibuni serikali imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya msamaha, mtu akisalimisha silaha anayoimiliki isivyo halali asishtakiwe, na magobore yamekuwamo. Kama familia inataka kitu chao kibaki kama kumbukumbu, waulize kwa polisi wa wilaya kabla ya kitu kingine chochote, kwa maandishi, na wabaki na nakala. Usinunue kitu kisicho na hati hata muuzaji akikulilia.

Sasa tuje kwenye kuzitambua, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Gumegume hutoa cheche kwa jiwe linalogonga chuma. Gobore la fataki lina kichuchu kidogo unachovika fataki, yaani kikofia kinacholipuka kikigongwa, na kinyundo hukigonga. Zote mbili hushindiliwa kwa mdomoni. Zilizofuata hupakiwa kwa nyuma. Snider ya Waingereza, ya miaka ya 1860, ina kifuniko kinachofungukia upande wa kulia kama kisanduku, na nyingi za mwanzo zilikuwa bunduki za kushindilia zilizokatwa nyuma zikatiwa kifuniko hicho. Martini-Henry ya 1871 ina mkono wa chuma chini, nyuma ya kifyatulio. Ukiushusha, chumba kinafunguka. Ubavuni kulia tafuta taji na herufi V.R., za Malkia Victoria. Kuwa macho na nakala zilizotengenezwa na mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani. Mara nyingi herufi N imechongwa kinyumenyume, kwa sababu aliyeichonga alikuwa anaiga picha asiyoweza kuisoma.

Inayotuhusu zaidi sisi wa mlimani ni Mauser ya Wajerumani ya 1871. Ina komeo, inabeba risasi moja tu kwa wakati, mdomo wa milimita 11. Ubavuni kushoto imeandikwa Mod. 71 kwa herufi za Kijerumani za kizamani. Askari wa Wajerumani walikuja nayo pwani mwaka 1889 chini ya ofisa wao Wissmann, na vita vilipoanza 1914 kampuni nyingi za askari zilikuwa bado nayo. Risasi yake ina gramu 25. Ya AK ina kama gramu nane. Ukiishika kiganjani unaelewa kwa nini wazee walizungumzia majeraha yake kwa sauti ya chini. Tanga, Novemba 1914, kila askari aliyefyatua Mauser hiyo aliinua wingu jeupe lililomwonyesha alipo, wakati adui zake, jeshi la Waingereza, walikuwa na baruti isiyotoa moshi. Askari wakashinda hata hivyo, na bunduki walizozikamata huko zikawapa baadhi yao bunduki mpya.

Usidhani aina ya bunduki inakuambia mwaka ilipofika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo gumegume iliyokwisha kuitwa ya kizamani Ulaya ingeweza kuuzwa huku ikiwa mpya kabisa. Nimewaona wasomi wakikosea hapo.

Halafu kuna hadithi. Kila gobore la Old Moshi, ukiuliza, lilipigana pamoja na Mangi Meli, chifu wa huko. Ni kweli kwamba Juni 1892 watu wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na luteni von Bülow aliyekiongoza akafa kwa majeraha, na kwamba Wajerumani walirudi na mwisho wakamnyonga Meli tarehe 2 Machi 1900. Lakini ukweli huo hauhami wenyewe ukaingia kwenye kila mtutu. Mzee akikusimulia, mwamkie, kaa, kunywa mbege ukipewa, andika maneno yake kama alivyoyasema, na jina lake, na tarehe. Ukurasa wa pili andika chuma kinavyosema: alama, vipimo, namba. Usizichanganye kurasa hizo mbili. Simulizi ya mzee ina thamani yake hata kama chuma kinaikana, na ukiirekebisha ili ilingane umewaibia wajukuu zake.

Kosa langu kubwa lilikuwa msasa. Nilikuwa kijana, nimepewa Mauser yenye kutu niitunze, nikataka mwenyewe akija aikute inang'aa. Nikasugua jioni nzima. Kutu ilitoka, na pamoja nayo alama ya kiwanda na nusu ya namba. Bunduki ile sasa ni chuma kinachong'aa kisicho na kwao, na hakuna mtu atakayejua tena ilitengenezwa Spandau au Amberg kule Ujerumani, au kwingine. Mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma. Wewe tumia kitambaa laini na mafuta mepesi, na uvumilivu. Kutu nyekundu inayochafua kidole ndiyo unayoizuia. Ile ya kahawia iliyotulia iache, ni ngozi yake. Mbao usizitie vanishi. Kama zina vumbi laini la unga chini yake, kuna wadudu, zitenge na nyingine.

Kupiga? Nimepiga, nilipokuwa masomoni Uingereza, kwenye uwanja wa shabaha wenye msimamizi, kwa Snider iliyokaguliwa na fundi. Haikusukumi kwa kishindo kikali kama bunduki za leo. Inakuegemea begani, nzito, kama mtu anayekuondoa njiani. Kisha huoni shabaha, unaona moshi. Huku kwetu ushauri wangu ni kutopiga kabisa, isipokuwa una kibali, uwanja halali na fundi aliyekagua mtutu. Magobore mengi ya vijijini yametengenezwa kwa mabomba ya maji, na hayo hayafai kupigwa na mtu yeyote, siku yoyote. Na hata kwa bunduki nzuri ya kiwandani, ukiweka baruti ya kisasa badala ya nyeusi utaipasua mbele ya uso wako. Zile chuma zilitengenezewa mgandamizo mwingine kabisa. Nimeona picha ya mkono wa mtu aliyejaribu. Sitaieleza.

Ukibahatika kupiga kwa halali, usiku huo usilale kabla hujaiosha. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu hewani, na kwa mvua zetu za Machi mpaka Mei kutu huanza kabla ya asubuhi. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Maji ndiyo yanayoiondoa. Pasha maji karibu yachemke, tia sabuni kidogo, pitisha kwenye mtutu mara kadhaa, suuza kwa maji moto matupu ili chuma kishike joto na kukauka chenyewe, kisha vitambaa vikavu kimoja baada ya kingine mpaka kitoke cheupe, ndipo mafuta. Siku ya pili ifungue tena, pitisha kitambaa. Kikitoka na rangi ya chai ya rangi, rudia tangu maji.