Kabla Hujakata Kitambaa cha Gauni la Enzi za Victoria

Wengi wanaoingia kwenye ushonaji huu huanza na picha ya gauni. Wanaipenda, wanakimbilia dukani, wananunua satini ya poliesta na lasi za kutosha, kisha gauni likikamilika linaonekana kama la msimamizi wa harusi. Ushonaji wenyewe mara nyingi hauna kasoro. Kasoro ni kwamba wameanzia nje, na nguo za zama zile hujengwa kutoka ndani.

Lakini hata kabla ya hayo, chagua mwaka. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na katika muda huo umbo la mwanamke wa Kiingereza lilibadilika mara kadhaa. Miaka ya 1840 sketi ilitunishwa kwa magagulo mengi yaliyorundikwa. Mwaka 1856 ikaja krinolini, yaani tundu la pete za chuma linalovaliwa chini ya sketi, na sketi ikatanuka kila upande bila ule uzito. Kuelekea 1870 unene wote ukahamia nyuma, juu ya makalio. Mwishoni mwa miaka ya 1870 gauni likabana mpaka mapajani, halafu baada ya 1883 nyuma ikarudi kwa kishindo, safari hii ikitokeza kama rafu. Kufikia 1895 sketi imetulia na mikono ndiyo imefura begani. Ukichanganya mikono ya 1895 na krinolini ya 1860, hata asiyejua historia ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa hiyo usijiambie "nashona la Victoria". Jiambie "nashona la 1863", kisha tafuta picha za miaka miwili mitatu ya jirani. Victoria and Albert Museum ya London ina picha nyingi mtandaoni. Ukibahatika kupata zinazoonyesha upande wa ndani wa gauni, hizo zitakufundisha kuliko za mbele.

Sasa mpangilio wa kazi. Anza na shimizi ya pamba, kisha suruali ya ndani, koseti (lile vazi la kubana kiwiliwili kwa kamba), krinolini au kile kitunishio cha nyuma, gagulo, ndipo gauni. Vipimo vya gauni huchukuliwa ukiwa umevaa vyote hivyo. Koseti hushusha kiuno, hupandisha kifua na kunyoosha mgongo, kwa hiyo vipimo ulivyochukua ukiwa na fulana ni vya mtu mwingine.

Koseti ndiyo inayowatisha watu, na hapa nitakaa kidogo. Kwanza achana na hadithi za viuno vya inchi 16. Kiuno kilionekana chembamba hasa kwa sababu sketi ilikuwa pana na mabega yamepambwa. Usijinyonge. Koseti iliyokaa vizuri hubeba uzito wa sketi zote, na utaishukuru baada ya saa tatu za kusimama.

Kitambaa chake kiwe cha pamba, kizito na kisichovutika. Kaki ya suruali za shule inafaa sana. Ishike kwa mikono miwili uivute kwa urefu, kwa upana, kisha kwa hanamu. Ikinyumbuka kwa urefu au upana, irudishe kwa muuzaji. Sampuli ya kwanza kata kwa amerikani, kitambaa kilekile ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikishusha Unguja enzi hizohizo za Victoria. Ni rahisi, hakitelezi, na hukionei huruma ukikichana. Ila sampuli ya koseti isiyo na mbavu (vile vijiti vinavyopenyezwa ndani kuisimamisha) wala kamba haikwambii kitu, kwa hiyo itie vyote ndipo uivae. Mgongoni acha mwanya wa sentimita 5 hivi, uwe sawa juu mpaka chini. Ukitanuka chini, nyonga zimebanwa. Ukitanuka juu, kifua kinataka nafasi.

Kwa mbavu hizo wazee walitumia kile walichokiita mfupa wa nyangumi, ambacho kwa kweli ni zile bapa nyumbufu za mdomoni mwake. Wewe nenda duka la vifaa vya umeme ununue vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, vile vipana. Vikate, kisha vilainishe ncha kwa tupa au moto wa mshumaa, la sivyo vitatoboa kitambaa ndani ya wiki. Kiunoni, upande wa ndani, pitisha utepe imara usiovutika. Huo ndio unaobeba mvuto wote.

Mbele hakuna mbadala. Tafuta vile vyuma viwili vyenyewe vya kufungia koseti kwa mbele, kimoja chenye vitanzi na kingine chenye vichwa vya kukamatia. Kile cha vitanzi kilaze juu ya ukingo wa kitambaa, weka alama ya chaki juu na chini ya kila kitanzi, kisha shona mshono wa mbele ukiruka nafasi hizo tu, na kila unapoanza na kuishia rudisha mshono mara mbili. Geuza, penyeza chuma, vitanzi vitachungulia vyenyewe. Upande wa pili usitumie mkasi. Toboa kwa msharasi wa fundi viatu, ukizisogeza nyuzi pembeni bila kuzikata, na kichwa kipite kwa kulazimishwa. Tundu la namna hiyo halichaniki. Siku ya kuvua, legeza kamba za mgongoni kwanza ndipo ufungue mbele. Ukifanya kinyume utapinda vyuma.

Sketi ni kazi ya subira zaidi kuliko ujuzi. Ya miaka ya 1850 ilikuwa vipande vilivyonyooka vilivyoungwa pamoja, mzunguko wa chini mita 4 au zaidi, na yote hiyo inatakiwa iingie kwenye kiuno cha sentimita 70. Marinda ya cherehani hayataweza, yatavimba kiunoni. Pinda ukingo wa juu kuelekea ndani, piga bandi kwa mkono mistari miwili inayofuatana, mshono chini ya mshono, kwa uzi maradufu. Vuta nyuzi zote kwa pamoja na marinda yatasimama wima, membamba, yamepangana. Kisha kila rinda lishonewe kwenye mshipi wa kiuno, moja baada ya jingine. Uzuri wa njia hii ni kwamba urefu wa sketi unarekebishwa juu, kwenye ule mkunjo, kwa hiyo kitambaa cha mistari au miraba hubaki kimenyooka kwenye pindo hata kama nyuma imeinuliwa na krinolini. Bajeti ya kitambaa cha upana wa sentimita 150 isipungue mita 7 kwa gauni zima. Mapazia na mashuka ya mitumba yameokoa wengi hapa, mradi yawe ya pamba.

Msisitizo wangu juu ya pamba si maringo. Tabaka nne au tano za nguo mwezi wa Desemba Dar es Salaam au Mombasa zinavumilika kwa pamba. Kwa poliesta utavuliwa na watu.

Na rangi usiziogope. Picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, waliovaa hawakuwa hivyo. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaishia kupata rangi ya zambarau, ya kwanza ya kemikali kuuzwa kwa wingi. Baada yake zikafuata nyingine kali kali. Kwa hiyo gauni la 1845 libaki na rangi zinazopatikana kwa mimea na wadudu, la 1865 jiachie. Weusi mtupu nao una maana yake: tangu mumewe, Prince Albert, afariki Desemba 1861, Victoria alivaa msiba mpaka mwisho wake, na kwa raia wake vazi la msiba lilikuwa na taratibu hadi kwenye vito, ambavyo vilitengenezwa kwa jeti, mti mweusi uliogeuka jiwe, kutoka mji wa Whitby, Uingereza.

Watu huuliza kama cherehani ni udanganyifu. Kwa gauni la miaka ya 1860 kuendelea, hapana. Isaac Singer, mtengenezaji wa cherehani, alipata hataza yake mwaka 1851. Tena cherehani nyeusi ya miguu iliyoko barazani kwa fundi wa mtaani, inayoshona mstari mmoja tu ulionyooka, inakaribia kazi ya wakati ule kuliko mashine yako ya umeme yenye mishono 60. Tumia mashine kwenye mishono mirefu ya ndani. Kila kinachoonekana nje, pamoja na pindo na matundu ya vifungo, maliza kwa mkono.

Kama haya yote yamekuchosha kabla hujaanza, shona vidogo kwanza. Kola nyeupe na vikofi vyake ni kazi ya jumamosi moja. Vilibandikwa kwa bandi juu ya gauni na kubanduliwa vikafuliwe, maana gauni la hariri halikufuliwa hovyo. Kifuko cha kamba cha mkononi nacho ni rahisi. Mwanamume aanze na kizibau, aliache koti kwa mwaka mwingine.

Pindo la gauni lipime ukiwa umevaa viatu utakavyotoka navyo, mtu mwingine akishika futi. Siku ya kulivaa, krinolini isafiri ikiwa imekunjwa bapa na uivalie hukohuko, wala usijaribu kupanda nayo bodaboda. Kaa mbali na jiko na mishumaa, kwa sababu zama zile wanawake waliungua wakiwa ndani ya krinolini zilizonasa moto. Ukirudi nyumbani, shimizi ifue usiku huohuo, na koseti itandazwe ipigwe na upepo bila kuoshwa.