Tarantula wangu katoroka, mama anataka kupuliza dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Soweto, Moshi. Nafuga tarantula (buibui mkubwa mwenye manyoya), jike wa rangi ya chungwa niliyemchimbua shimoni kule Himo. Juzi usiku nilisahau kubana mfuniko wa ndoo yake, asubuhi hayumo. Chumba hicho nalala na mdogo wangu wa miaka 4. Mama anataka kupuliza dawa ya mende nyumba nzima. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mtoto alale kwa mama hadi buibui apatikane, na viatu na nguo zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mimi nilishamtoa mmoja kwenye kiatu cha mvua. Mama umwombe asipulize. Ana haki ya kumhofia mwanawe, lakini dawa itamfanya buibui ajifiche ndani zaidi na kufia huko, na mtoto atabaki akiivuta.

Kwa rangi hiyo na mahali ulipomtoa, nadhani ni Pterinochilus murinus, anayepatikana hapa Tanzania na Kenya. Tarantula wengi wa bara la Amerika hurusha vinyweleo vinavyowasha. Wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Silaha yao ni meno, na huyu ni mwepesi kuyatumia. Haui mtu, ila anauma vibaya: maumivu ya saa nyingi, uvimbe, pengine misuli kukaza. Akimuuma mtu, osheni kwa maji na sabuni, wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Misuli ikikaza, au aliyeumwa akiwa mtoto, nendeni hospitali bila kusubiri.

Sasa kumtafuta. Kuwa jike ni bahati yako. Dume aliyekomaa hutangatanga kutafuta majike, lakini jike hupenda shimo moja na anaweza kukaa humo miaka. Kwa hiyo simdhanii mbali. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa, kisha usiburute kitanda wala kabati mchana, kwani utamponda. Anza pale ndoo ilipokuwa, fuata ukuta: nyuma ya kabati, chini ya godoro, kwenye mikunjo ya pazia, ndani ya maboksi. Tazama juu pia, maana hawa ni wapandaji wazuri. Ukiona utando mpya mzito kwenye kona, umempata.

Usipomwona, nyunyiza unga kidogo kandokando ya ukuta jioni, uweke na kisahani cha maji. Zima taa, rudi saa tano au saa sita usiku na tochi. Hao hutembea gizani, na unga utakuonyesha alikopita. Usikate tamaa wiki ya kwanza: anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula.

Ukimkuta, usimshike kwa mkono hata kama umemzoea. Mfunike taratibu kwa bakuli linaloonyesha ndani, pitisha karatasi ngumu chini yake. Akiinua miguu ya mbele amekasirika. Mwache atulie kwanza. Usimwinue juu ya sakafu zaidi ya lazima, maana tumbo lake ni laini na akianguka hata kutoka usawa wa meza linaweza kupasuka. Likivuja kidogo, gusia wanga wa mahindi mkavu penye jeraha.

Mrudishe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na matundu membamba kuliko mwili wake. Mpe maji tu siku mbili tatu. Akishatulia, atakula mende.