Mionzi ya shingo: usikubali siku ikakukatikia njiani

Wifi yangu mmoja anajiandaa kwenda Dar kuanza mionzi na kila siku ananipigia simu kuniuliza, nikaona bora niandike ili na wengine mpate. Mie nilitolewa tezi la shingo lote, na saratani yangu haikua ile ya upole, ilikua ishatoka nje ya tezi imegandana na koo la hewa, daktari akasema amekwangua alipofikia. Ile iodini ya kumeza yenye mionzi inasaidia kama seli za saratani bado zinaifyonza, zangu zilikua hazifyonzi tena, ndo nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa mionzi ya mashine, siku 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6.

Kabla ya yote nenda kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe mapema kidonda kipone, maana taya likishapigwa mionzi ukija kung'oa baadae kidonda hukataa kufunga.

Kinyago kinawatisha wengi. Ni plastiki ya vitundu vitundu, wanailowesha maji ya moto inalegea, wanakulaza nayo usoni mpaka mabegani na dakika chache tu inakauka na sura yako, basi kila siku unabanwa nayo mezani usitikisike. Siku ya kwanza nilihisi roho inatoka wallahi, nikawa nasoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo mpaka mashine ikanyamaza.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ijumaa ya wiki ya 3 nikapanda boti nikarudi Unguja kuwaona wanangu, nikasema Jumapili nageuza. Ulikua msimu wa kusi, bahari ikachafuka, boti zikazuiwa, nikakosa Jumatatu na Jumanne. Daktari hakunigombeza ila alikunja uso, akanieleza dozi inagawiwa kidogokidogo makusudi ili nyama isiyo na saratani ipate kupumua, lakini ukiacha pengo na saratani nayo inapata nafasi ya kuzaana. Tafuteni pa kukaa Dar wiki zote 6, kwa mama mdogo, kwa jirani wa zamani, popote, na watoto waje wao kama nauli ipo. Na msiogope kuwapakata, mionzi ya mashine haibaki mwilini, wakati ile iodini ya kumeza ndo inataka ukae mbali nao siku kadhaa.

Kuanzia wiki ya 3 koo lilikua kama limeunguzwa na chai ya moto, hata mate nameza nimefumba macho. Urojo sahau kabisa, ndimu na pilipili zile utalia. Mie niliponea bokoboko laini na uji wa mchele wa tui, na dawa ya maumivu nakunywa nusu saa kabla ya kula. Ukipungua kilo waambie, kinyago kikilegea hakikushiki tena sawasawa.

Ngozi ya shingo inakua nyeusi halafu inabanduka, na sisi wanawake ushungi unakwaruza palepale, pini ndo usiseme. Nilivaa leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, bila udi bila manukato, na sikupaka kitu asichoniambia nesi.

Alafu ukimaliza usitegemee kesho yake umepona, wiki 2 za baada ya kumaliza ndo zilikua mbaya kuliko zote. Ladha nayo ilikua imenipotea, chumvi niliihisi tena mwezi wa pili baada ya kumaliza, kwenye mchuzi wa changu aliopika mwanangu, nikamwambia mama umezidisha, akaanza kulia.