Lenzi moja ya safari na mandhari: 16-35 au 24-105?
Umeuliza uchukue 16-35mm au 24-105mm f/4 kwa kamera ya fulu fremu (yenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ya ukubwa wa filamu ya 35mm), ukibeba lenzi moja tu. Chukua 24-105. Mandhari si upana peke yake: kwenye 16mm (namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi) milima ya mbali husinyaa, na mbele ya picha hubaki patupu usipopata jiwe au ua la karibu. Kwenye 70 hadi 105 unaivuta milima hiyohiyo ikajaa fremu. Tundu la lenzi la f/4 linatosha kabisa, maana mandhari hupigwa kwa tundu dogo zaidi, f/8 hadi f/11. Ukifunga hadi f/22 mwanga hupinda na picha hupoteza ukali. Upana ukipungua, simamisha kamera wima, piga fremu tano zinazoingiliana kwa theluthi moja, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Ila kwenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko ya fulu fremu, 24 huona karibu kama 36, kwa hiyo huko tafuta inayoanzia 16.