Akaunti moja kwa programu zote za kazi: anza na siku mfanyakazi anapoondoka

Kampuni nyingi za Nairobi ambazo nimezisaidia kuweka utaratibu wa kuingia mara moja huanza kwa kutafuta urahisi. Wanataka mhasibu aliye Westlands na karani wa ghala katika Eneo la Viwandani wafungue programu ya mauzo, ya mishahara na ya ankara kwa akaunti ile ile wanayofungulia barua pepe. Ni haja ya msingi, maana mtu mwenye manenosiri saba huishia kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya kompyuta. Hata hivyo, mimi huwaomba waanze na swali jingine: mfanyakazi akiachishwa kazi Ijumaa saa kumi jioni, nani atamfungia milango, milango hiyo ni mingapi, na itachukua muda gani kufungika yote? Kampuni inayoweza kujibu swali hilo kabla ya kugusa kompyuta hufanya maamuzi bora katika kila hatua inayofuata.

Utaratibu wenyewe una pande mbili. Upande mmoja ni mtoa utambulisho, yaani mfumo unaohifadhi akaunti za wafanyakazi, kama vile Microsoft Entra ID, Google Workspace, Okta au Keycloak. Upande wa pili ni programu ya biashara iliyo kwenye wingu, yaani inayotumika kupitia intaneti. Mfanyakazi anapofungua programu, haombwi nenosiri pale, bali huelekezwa kwa mtoa utambulisho, ambaye humhakiki na kumrudisha akiwa na hati fupi yenye sahihi ya kidijitali, inayosema yeye ni nani na kwamba uthibitisho huo ni halali hadi wakati fulani. Programu huikagua sahihi hiyo kwa ufunguo wa mtoa utambulisho, kisha humfungulia. Mawasiliano haya hufuata kiwango cha SAML 2.0, kilichoidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, au OpenID Connect, kilichotoka mwaka 2014. Programu ikikubali vyote viwili, mimi huchagua OpenID Connect kwa sababu ina mambo machache ya kukosea. Lakini programu nyingi za biashara hutegemea SAML, na SAML iliyowekwa kwa uangalifu haina neno.

Kuziunganisha pande hizo mbili ni kazi ya saa chache: unabadilishana mafaili ya metadata, yaani yale yanayoeleza anwani na ufunguo wa kila upande, unahakikisha kwamba anwani zinafanana herufi kwa herufi, unajaribu. Kazi nzito iko kwenye orodha ya watu, na hapo ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi.

Programu inahitaji kitu kimoja cha kumtambulisha kila mtu, na wengi huchagua barua pepe kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Katika Entra ID, jina la kuingilia, ambalo kwa kawaida hufanana na barua pepe, ndilo hutumwa usipochagua kingine. Sasa mfikirie mfanyakazi aliyeajiriwa kwa jina la babake, akaolewa, akaomba anwani yenye jina la mumewe. Idara ya teknolojia inambadilishia anwani, na asubuhi inayofuata programu ya mauzo inamwona mgeni: ama inamkataa, ama inamfungulia akaunti mpya tupu, huku wateja na rekodi zake zote zikibaki kwenye ile ya zamani. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mfanyakazi anaondoka, anwani yake inakaa bure, kisha anaajiriwa mtu mwingine mwenye jina kama lile, jambo la kawaida katika mji wenye akina Mwangi na akina Otieno tele. Anapewa anwani ile ile, na anapoingia kwenye programu ambayo haikusafishwa anarithi akaunti ya mwenzake pamoja na mamlaka yake ya kuidhinisha malipo.

Dawa ni kutumia kitambulisho kisichobadilika. Kwa OpenID Connect, viwango vyenyewe vinasema kwamba kinachomtambulisha mtu bila utata ni jina la mtoa utambulisho likiunganishwa na namba anayompa mtu huyo, si barua pepe. Kwa SAML, unaweza kutuma namba ya kudumu ya akaunti, au namba ya mfanyakazi iliyo kwenye orodha ya mishahara, mradi idara ya rasilimali watu ihakikishe kwamba namba hiyo haipewi mtu wa pili kamwe. Ikiwa programu yako haikubali kitu kingine ila barua pepe, basi weka sheria kwamba anwani iliyowahi kutumika haitolewi tena. Na kabla ya kuwasha chochote, linganisha orodha ya mishahara na orodha ya akaunti zilizo ndani ya programu. Kila mara ninapoifanya kazi hii, ninakuta akaunti za watu walioondoka zamani, akaunti za pamoja kama ile ya idara nzima ya hesabu, na akaunti za washauri wa nje ambao hakuna anayekumbuka nani aliwaalika. Akaunti ya pamoja ivunjwe kabisa, kwa sababu hakuna mkaguzi atakayeweza kukwambia ni nani hasa aliyefuta ankara.

Turudi kwa yule anayeondoka Ijumaa. Watu wengi hudhani kwamba akaunti ikifungwa kwa mtoa utambulisho, basi mtu huyo ametoka kila mahali. Sivyo. Kinachofungwa ni mlango wa kuingilia; aliyekwisha kuingia hubaki ndani mpaka kikao chake ndani ya programu, yaani muda anaoachwa akiwa ameingia bila kuhakikiwa upya, kiishe, na kuna programu zinazoacha kikao wazi kwa siku nyingi, hasa kwenye simu. Zipo pia funguo za kuunganisha mifumo, zile ambazo mtu hujitengenezea ili jedwali lake lisome data moja kwa moja, ambazo hazipiti kwa mtoa utambulisho hata kidogo. Kwa hiyo mambo matatu huenda pamoja: fupisha muda wa kikao ndani ya programu, washa SCIM ikiwa programu inaikubali, na orodhesha funguo zote pamoja na wenyewe. SCIM ni kiwango cha mwaka 2015 kinachomwezesha mtoa utambulisho kuiambia programu ifungue, ibadilishe au izime akaunti yenyewe, bila kusubiri mtu ajaribu kuingia. Kisha fanya jaribio: tengeneza akaunti ya mfanyakazi wa kubuni, ingia kwenye kompyuta na kwenye simu, ifunge kwa mtoa utambulisho, na utazame saa hadi kila kidirisha kikatae. Muda utakaopata ndio muda halisi wa usalama wenu, na mkurugenzi anastahili kuambiwa.

Kwa kuwa akaunti moja sasa inafungua kila kitu, nenosiri pekee halitoshi. Ujumbe mfupi wa simu wenye namba ya siri ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini ulaghai wa kubadilisha laini za simu unajulikana sana hapa Kenya, na anayeichukua laini anazichukua namba hizo pia. Napendelea funguo za siri zinazokaa ndani ya kifaa (passkeys), au programu ya uthibitishaji kwenye simu. Kwa wenzetu wa ghalani wanaotumia kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nunua funguo ndogo za USB. Ni haki yao kulindwa kama wengine, na si vyema kumlazimisha karani anunue simu mpya kwa sababu ya mfumo wa kampuni.

Weka pia akaunti mbili za dharura zisizopita kwenye utaratibu huu, manenosiri yake marefu yakiwa kwenye bahasha zilizofungwa ndani ya sefu, na kila matumizi yake yatume taarifa kwa watu zaidi ya mmoja. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, akaunti kama hizi hazingemfaa sana mtu, kwa kuwa njia ya kuifikia programu yenyewe ilikuwa imezorota. Zinafaa pale muunganisho unapovunjika ilhali intaneti ni nzima, na chanzo cha kawaida ni kuisha muda kwa cheti, yaani faili lenye ufunguo ambao programu hutumia kukagua sahihi ya mtoa utambulisho. Cheti cha SAML katika Entra ID hupewa miaka mitatu usipobadilisha, na cha Google Workspace miaka mitano. Muda huo ni mrefu kiasi kwamba aliyekiweka huenda ameshahamia kampuni nyingine, kwa hiyo elekeza taarifa za onyo kwenye sanduku la barua la idara, si la mtu mmoja.

Uliza bei mapema. Wauzaji wengi wa programu huiweka huduma ya kuingia mara moja kwenye kifurushi cha juu kinacholipiwa kwa dola, na ni rahisi kujadiliana kabla ya kutia sahihi mkataba kuliko baadaye. Kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, tuma kwa programu taarifa zile tu inazohitaji: kitambulisho, jina, barua pepe na idara. Namba ya kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA hazina kazi huko. Data ikidukuliwa na kukiwa na hatari ya kweli kwa wahusika, sheria inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na kampuni iliyotuma kidogo ina kidogo cha kueleza.

Siku ya kuwasha ichaguliwe pamoja na idara ya hesabu. Ushuru wa PAYE hulipwa kufikia tarehe 9 na marejesho ya VAT hufika tarehe 20, kwa hiyo mimi huepuka mwisho wa mwezi na siku zinazokaribia tarehe hizo, na huanza na idara ya teknolojia, kisha idara moja iliyokubali kwa hiari, kisha wengine. Kila idara inapotulia, zima njia ya zamani ya kuingia kwa nenosiri ndani ya programu, kwani ikiachwa wazi mfanyakazi aliyeondoka bado ana mlango wa nyuma. iTax na mitandao ya benki haitaingia kwenye mpango huu. Manenosiri yake yawekwe kwenye hazina ya kampuni ya kutunzia manenosiri, ambayo yenyewe hufunguliwa kwa akaunti ile ile moja, na yabadilishwe siku ile ile aliyekuwa akiyatumia anapokabidhi kompyuta.